Utaitwa Mume wa Mideva

Omondi, mwanangu,

Nyumba imetulia ghafla. Wewe na Mideva mmeondoka asubuhi kwenda upande wa pili wa Maseno kumuaga nyanya yake, na mama yako amejilaza kidogo baada ya kupanga na kupangua masanduku yenu mpaka akachoka. Nimetoa meza ndogo nje, nimekaa kivulini kando ya ukuta, na upepo wa ziwani umeanza kuvuma. Kesho wakati kama huu mtakuwa Nairobi mkingojea ndege ya Ujerumani. Kwa hiyo nina mchana huu tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, na najua utashangaa. Sababu ni Mideva. Ametujia akiwa Mmaragoli, na Kijaluo chake bado kinachechemea. Sitaki umtafsirie maneno yangu, kwa sababu mtu akitafsiri huruka pale panapomuuma yeye. Someni wote wawili.

Mambo ya makoti, soksi nzito, dawa, pasipoti ikae mfuko gani, hayo mama yako amewaambia na atawaambia tena kesho mpaka mlangoni mwa uwanja wa ndege hapa Kisumu. Mimi nina neno moja tu, lakini ni refu.

Juzi jioni nilikuwa nyuma ya nyumba nikifungia kuku. Dirisha la chumba chenu lilikuwa wazi. Mlikuwa mkipima masanduku, na Mideva akasema lile la bluu limezidi uzito, lazima kitu kitolewe. Ukamwambia, "Nitoe mimi. Wewe ndio uko na safari. Mimi ni mzigo tu."

 Nilisikia zipu ikifunguliwa, kisha ikafungwa. Sikukusudia kusikiliza, ila kuku mmoja alikuwa amegoma kuingia na nisingeweza kumwacha nje.

Nilijua maneno hayo yametoka wapi. Jumapili, watu walipokuja kuwaombea safari, baba yako mdogo Okello alisimama na soda yake mkononi akasema, "Sisi wengine tulioa. Huyu kijana wetu ameolewa!" Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, tena kwa ile sauti yako ya redioni, lakini uliweka kijiko chini na hukukishika tena. Mideva akainuka akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza kula.

Mkeo ni nesi. Alisoma Kijerumani zaidi ya mwaka mzima, usiku baada ya zamu, mpaka hospitali ya kule ikamwita. Wewe unamfuata. Hapa Kisumu wewe ndiye uliyekuwa ukiwaamsha watu redioni. Wanawake wanaokaanga samaki kule ufuoni waliijua sauti yako kabla hawajaijua sura yako. Nimewahi kununua vocha pale Mamboleo, muuzaji akakataa kunipa mpaka nimhakikishie kwamba ni kweli mimi ndiye baba wa Omondi wa asubuhi. Sasa umeiacha hiyo kazi, unakwenda mji ambao ukisema "oyawore", salamu yetu ya asubuhi, hakuna atakayegeuza shingo.

Nataka kukueleza kuhusu Lesotho. Wewe unajua kwamba tuliishi huko kabla hujazaliwa, unajua kulikuwa na theluji, na unalijua lile blanketi zito ambalo mama yako hukataza lisianikwe juani. Zaidi ya hayo hatukuwasimulia ninyi watoto. Nadhani ni kwa sababu katika hadithi hiyo mimi sing'ari.

Tulioana Desemba. Januari tukasafiri. Walikuwa wakitafuta walimu wa hesabu, nami nilikuwa kijana mwenye digrii na mashati mawili mazuri, nikaona dunia imeniita kwa jina. Mama yako wakati huo alikuwa na meza yake soko la Kibuye, akiuza samaki wa ziwani, ngege na mbuta. Usifikiri meza ni kitu kidogo. Wanawake wa soko walimngoja afike ndipo bei ya siku ijulikane. Walimwita nyar Asembo, binti wa Asembo, na ukitaka kujua nani amezaa, nani amehama, nani amegombana na mkwewe, ulipita kwake kwanza. Nilipomwambia tunakwenda Lesotho aliniuliza swali moja tu: "Kuna ziwa?"

Nikamwambia kuna milima mizuri.

Shule ilikuwa juu sana, mwisho wa barabara ya mawe. Walitupa nyumba ya vyumba viwili yenye paa la bati na jiko la mafuta ya taa. Mimi mtu wa Ahero, niliyezaliwa katika matope ya mpunga na kukulia katika mafuriko, nilijua maji na nilijua joto. Baridi sikuijua. Ilipofika Juni maji ya ndoo yaliganda humohumo ndani, tukayavunja kwa mwiko.

Lakini baridi tuliizoea. Kitu kingine ndicho kilichokuwa kikimla mama yako, nami sikukiona.

Kila asubuhi nilivaa tai nikaenda shuleni. Kule nilikuwa na wenzangu, tuliongea Kiingereza, tulibishana juu ya mitihani na siasa, wanafunzi walisimama nikiingia darasani. Mama yako alibaki. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, Kisotho hakujua hata salamu, na sheria ya kibali chetu haikumruhusu kuajiriwa. Wanawake wa kijiji walipita njiani wamejifunga mablanketi kwa pini kubwa, wanamsalimia, anawapungia mkono, basi. Nilimwambia asijisumbue na Kisotho, hatutakaa sana, Kiingereza kitatosha. Kitamtosha nani? Mimi.

Siku moja katika miezi ya mwanzo nilisafiri na gari la shule hadi mjini, nikarudi na makopo ya samaki. Niliyapanga mezani kama mtu aliyeshinda vita. Alifungua moja, akamtazama yule samaki ndani ya mchuzi mwekundu, hana kichwa, hana mkia.

"Huyu amekufa mara mbili," akasema.

Nilicheka sana. Niliwasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka. Yeye hakuwa akifanya mzaha, Omondi. Alikuwa akiniambia kitu, nikakichukua nikaenda nacho kuchekesha watu.

Nilikuwa nikirudi jioni nimechoka. Akianza kuniambia kuku wa jirani amefanya hivi, au mawingu yalikuja yakaondoka, nilikuwa nikimkatiza. Jioni moja alisema, "Leo nimechoka." Nikamuuliza, "Umechoka na nini?" Hivyo tu. Sikupaza sauti, sikumtukana. Lakini kuanzia siku hiyo aliacha kunieleza habari za mchana, nami nikaona nyumba imepata utulivu.

Kulikuwa na kiti kimoja cha mbao tulichokuwa tukikiweka nje. Asubuhi nikiondoka kilikuwa ukuta wa mashariki. Jioni nikirudi nilikikuta ukuta wa magharibi. Sikujiuliza hata mara moja kiti hicho kilifikaje huko.

Baridi ilipokuwa kali kabisa, kijana wa jirani yetu alifia kazini, katika migodi ya Afrika Kusini, na mwili ukaletwa nyumbani. Kijana huyo aliitwa Thabo. Mama yake tulimjua kwa kumwona tu, mwanamke mrefu aliyekuwa akipita kwetu na kuni. Kule, kama kwetu, mwanamke huitwa kwa mtoto wake, naye aliitwa Mama Thabo. Shule ilituruhusu walimu kwenda kuzika. Nikavaa koti langu zuri. Mama yako naye akajifunga leso akanifuata.

Wanaume tulisimama upande wa zizi la ng'ombe. Wanawake walikuwa ndani na mlangoni. Msiba wa kule una nyimbo, tena nyimbo nzuri za taratibu, na watu wana adabu kubwa katika huzuni yao. Jeneza likaanza kutolewa nje. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua.

"Thabo yaye! Thabo!"

Mama yako alikuwa ametoka katikati ya wanawake, mikono kichwani, analia kama tunavyolia sisi. Si kulia kwa machozi tu. Alimwita yule kijana kwa jina, akamuuliza anakwenda wapi na baridi yote hii, akamuuliza nani atamletea mama yake kuni, akatembea hadi zizini na kurudi, yote kwa Kijaluo, katika uwanja ambao hakuna mtu mwingine aliyeelewa neno hata moja isipokuwa mimi. Nyimbo zilikatika. Watu wote wakageuka. Mwalimu mkuu akanitazama.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikapenya katikati ya wanawake, mahali ambapo mwanamume hakupaswa kuwa, nikamshika kiwiko. "Nyamaza. Hawa si watu wetu. Unatuaibisha."

Bibi mmoja mzee aliyekuwa karibu aliutoa mkono wangu kwenye kiwiko cha mke wangu, polepole, kama mtu anayetoa jani lililonasa kwenye nguo.  Nilirudi zizini.

Nyumbani nilimsubiri na hotuba. Nilimwambia mimi ni mwalimu, nina heshima yangu hapa, na yeye hata hakumjua marehemu. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Nimemlilia kijana wa watu. Na nimejililia mimi. Mimi nimekufa tangu Januari na hakuna aliyekuja matanga."

Omondi, nimefundisha hesabu maisha yangu yote, nimezoea kwamba kila swali lina njia ya kulijibu. Hilo nililikimbia. Nilivaa koti tena nikatoka, nikazunguka uwanja wa mpira wa shule mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, nikarudi, nikamkuta amelala ameelekea ukutani. Tukakaa siku kadhaa tukipitishana chumvi bila kutazamana.

Aliyetutoa hapo ni Mama Thabo. Alikuja Jumamosi iliyofuata, mwenyewe, na bakuli la uji mchachu limefunikwa kitambaa. Nilikuwa nikisahihisha madaftari. Aliniamkia kwa heshima, akanipita, akaenda kuketi chini karibu na mama yako. Hawakuwa na lugha. Walikunywa uji. Walipomaliza, alivua moja ya mablanketi mawili aliyokuwa amejifunga, akamfunika mama yako mabegani, akambania pini chini ya kidevu, akarudi nyuma kidogo amtazame kama amependeza. Wakashikana mikono wakalia tena, safari hii kimya kimya. Mimi niliendelea kuweka alama za vyema kwenye daftari moja bila kusoma.

Miezi mingi baadaye, mama yako alipokuwa na Kisotho cha kutosha, alimuuliza siku ile alikuja kwa nini. Mama Thabo akamjibu, "Sauti yangu ilikuwa imekwisha. Ukanipa yako."

Baada ya hapo kiti hakikuhamahama tena. Mama yako alikuwa hayupo nyumbani. Alikuwa shambani kwa Mama Thabo akivunja mahindi, alikuwa mtoni, alikuwa kanisani, alikuwa kwenye msiba mwingine, maana walianza kumwita. Ndiyo, walimwita! Akawa mtu wa kuitwa tena. Kisotho kilimwingia kama maji kwenye mchanga. Mimi niliyesoma chuo kikuu nilikuwa bado nanyoosha kidole dukani.

Nikuambie kwamba nilifurahi? Nilinuna. Nilikuta sufuria tupu, nikapiga miluzi ya hasira. Nilikuwa nimemzoea akiwa mpweke, na upweke wake ulikuwa ukinisubiri na chai.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya baridi, niliteleza kwenye barafu mbele ya ofisi, nikavunjika kifundo cha mguu. Waliniweka plasta mpaka gotini. Nikarudishwa nyumbani nikae.

Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili nilisoma magazeti ya zamani. Siku ya tatu nilimwomba mama yako aniwekee kiti nje kabla hajatoka. Akakiweka ukuta wa mashariki, kwenye jua. Baada ya muda kivuli kikanifikia, nikasota na kiti mpaka ukuta wa kaskazini, maana kule jua hupita kaskazini. Kikanifikia tena. Nikasota tena. Jua lilipokuwa likishuka nilijikuta nimekaa ukuta wa magharibi nikitazama njia, na ndipo nikaelewa kile kiti kilikuwa kikifika huko kwa njia gani.

Mama yako alitokea gizagiza, na kuni kichwani, anacheka na mtu huko nyuma yake. Hata hajatua mzigo, nikamrukia. "Ulikuwa wapi? Mchana wote? Umeongea na nani?"

Alitua kuni. Alinitazama, mguu wangu mweupe umenyooshwa juu ya ndoo. Angeweza kunilipa yote siku hiyo. Alikuwa na haki. Alisema tu, "Sasa umejua mchana una urefu gani," akaingia akawasha jiko. Kisha akatoka na chai ya watu wawili, akakaa juu ya ile ndoo baada ya kuusogeza mguu wangu, akaanza kunisimulia alikokuwa na aliokutana nao, mmoja mmoja, jina kwa jina. Nilimsikiliza kama mtu mwenye njaa. Nilimwomba radhi kabla ya chai kwisha. Hakujibu kwamba amenisamehe. Alisema, "Ongeza sukari, umeisahau."

Kuanzia hapo tulikuwa na desturi moja. Jioni, aliyebaki nyumbani ndiye aliyeanza kusimulia. Aliyetoka alisubiri zamu yake. Hata kama habari yenyewe ilikuwa ya kuku.

Mguu ulipopona, mama yako alikuwa amepata shughuli. Alikuwa akikaanga mandazi, anayauza kwenye ua wa shule wakati wa mapumziko, na ikawa wanafunzi wangu wanatoka darasani mwangu wakikimbia. Siku moja mgeni kutoka wizarani alikuja akamwomba mzee mmoja njiani amwelekeze nyumba ya mwalimu wa hesabu, yule Mkenya. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo simjui. Labda unamtafuta mume wa Mama Mandazi."

Mgeni alinisimulia huku akicheka. Nilicheka naye, na usiku mzima jina hilo likanichoma. Mimi, mwenye digrii. Lakini sikiliza. Mvua ya mawe ilipotukuta mimi na mwalimu mwenzangu kijiji cha mbali, tukagonga mlango tusioujua, nikasema jina langu, mlango ukabaki umefungwa. Nikasema mimi ni mume wa Mama Mandazi. Mlango ukafunguka, tukapewa mablanketi, tukapewa uji. Mwenzangu, aliyezaliwa nchi ile ile, aliingia kwa jina la mke wangu.

Kwa hiyo huko mnakokwenda, kwa muda nisioujua, utaitwa mume wa Mideva. Hospitalini watakuita hivyo, majirani watakuita hivyo, pengine hata hawataweza kulitamka jina lako. Litakuchoma. Usijifanye halikuchomi, na usimchome nalo yeye. Yeye atarudi kutoka zamu akiwa amesimama saa nyingi, amewasikiliza wagonjwa kwa lugha ya kukopa, na atakukuta mlangoni umejaa maneno ya mchana mzima. Au atakukuta umenuna, kama mimi. Nakuomba uwe umejaa maneno.

Nawe Mideva, mwanangu, usimuulize umefanya nini leo. Najua hutakuwa na nia mbaya. Swali hilo likimfika mtu aliyekaa na kiti chake linasikika kama lile langu la umechoka na nini. Muulize ameona nini. Huyu mume wako ni mtu wa kuona vitu na kuvisema, ndiyo kazi aliyokuwa akilipwa. Mwache akusomee taarifa ya habari ya mtaa wenu, hata kama ni paka tu aliyepita.

Ujerumani siijui. Sijui kama majirani wa kule watakuja na bakuli la uji, na sitaki kuwadanganya. Labda hawatakuja. Labda ni wewe Omondi utakayetakiwa kubeba bakuli. Ninachojua ni kwamba mama yako hakusubiri awe na lugha ndipo aende mahali watu walipo. Alikwenda na aliyokuwa nayo. Akaonekana mjinga mbele ya kijiji kizima, na mumewe akaona aibu, na aliyekosea siku hiyo alikuwa mumewe.

Okello nimeongea naye asubuhi, mlipokuwa mmeondoka. Nilimpigia nikamwambia neno lake la Jumapili halikuwa zuri.

"Ah, mzee, si nilikuwa natania tu."

"Najua. Ungekuwa umekasirika, kijana angekujibu."

 Kisha akasema, "Kwani aliumia?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Nadhani kesho atakuja uwanja wa ndege, maana aliuliza ndege inaondoka saa ngapi. Akija, msalimie vizuri. Ni mtu mzuri, ila hajawahi kuhama mahali.

Nimalizie na siku tuliyoondoka Lesotho. Mkataba wangu ulikwisha. Nilifunga mizigo mapema, naimba, ninarudi kwetu. Asubuhi ya basi wanawake walijaa kwenye uwanja wetu. Mama Thabo alimshika mama yako, hakumwachilia mpaka dereva akapiga honi mara kadhaa. Mama yako alilia kutoka kwenye ile milima hadi mpakani. Nami nilikaa kando yake nikiwa nimeshika mifuko, nikaona kwamba kwenye basi lile mimi ndiye niliyekuwa nikienda nyumbani. Yeye alikuwa akitoka nyumbani.

Tulipofika Kisumu mambo yalikuwa yamebadilika. Meza yake Kibuye ilikuwa na mtu mwingine. Ngege alikuwepo, mbuta alikuwepo, Kijaluo kilikuwa kila upande, nalo ziwa alilolililia alikuwa akiliona kila siku. Lakini jioni moja, tukiwa tumekaa nje, akasema, "Sasa Kisotho nitaongea na nani?"

Nilitafuta neno kichwani kwa muda mrefu. Kisha nikamjibu kwa kile Kisotho changu kibovu, "Le 'na." Yaani, na mimi.

Alicheka mpaka akashika ubavu. Akanirekebisha matamshi. Nikarudia, akacheka tena. Na hiyo ndiyo lugha mliyokuwa mkiisikia ninyi watoto chumbani kwetu, mkidhani ni Kijaluo cha zamani. Ni Kisotho. Tumekiongea karibu miaka thelathini, kimechakaa, kimechanganyika, nadhani siku hizi hata Mama Thabo asingetuelewa. Tulikitumia tulipogombana ili msijue tunagombana, na tulipopatana ili msijue hilo pia.

Mama yako ameamka. Amesimama nyuma ya kiti changu, amesoma ukurasa huu wa mwisho bila miwani, ameniambia jambo sikioni kwa Kisotho, na amekwenda kuwasha jiko akicheka. Lilikuwa linawahusu ninyi wawili. Siwatafsirii.

Ni mimi, baba yenu.